Vyura wa mishale kwenye baridi ya Iringa: ninavyowafuga na kuwazalisha

Jirani yangu mmoja hapa Kihesa aliingia sebuleni, akasema "Kamwene", na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshainama mbele ya sanduku la kioo. Ndani yake palikuwa na kitu cheusi chenye michirizi ya njano, ukubwa wa kucha ya dole gumba, kimekaa juu ya jani.

"Mama Neema, hawa ni wa dawa?"

"Hapana."

"Wa kula?"

"Hapana."

"Sasa wa nini?"

Jibu la kumridhisha sikuwa nalo. Nilikuwa fundi wa maabara ya baiolojia kwa miaka 31, na katika miaka hiyo nimewalaza vyura wengi kwenye sinia na kuwapasua mbele ya wanafunzi. Nilipostaafu nikasema sasa niwaangalie walio hai. Huyo ndiye mimi, na haya ninayoandika ni ya mtu anayefuga kwenye nyumba ya kawaida, yenye umeme wa kukatika na upepo wa Iringa.

Tuanze na sumu, maana ndiyo inayotisha. Jina la vyura wa mishale limetokana na Waembera wa magharibi mwa Kolombia, ambao walikuwa wakisugua ncha za vishale vyao kwenye mgongo wa chura wa dhahabu aitwaye Phyllobates terribilis. Vyura waliotumika hivyo ni aina chache sana katika ukoo mzima. Kingine ambacho wengi hawakijui: sumu hiyo chura haitengenezi mwenyewe. Anaipata kwenye chakula, yaani sisimizi na utitiri wa msituni kwao, anaihifadhi kwenye ngozi. Aliyezaliwa kwenye kioo na kulelewa kwa vijinzi vya ndizi hana sumu yoyote ya kukudhuru. Katika nyumba yangu mwenye hatari ni mimi: mafuta niliyojipaka, sabuni iliyobaki kwenye vidole, chumvi ya jikoni. Ngozi ya chura inanywa kila kitu. Kwa hiyo simshiki, na nikilazimika, nanawa kwa maji matupu na kumchukua kwa kikombe.

Aina ninayofuga ni Ranitomeya imitator, asili yake misitu ya kaskazini mashariki mwa Peru. Jina lina maana ya mwigaji, kwa kuwa huiga rangi za vyura jirani zake. Urefu wake hauzidi sana sentimita 2. Nimemchagua kwa sababu ni mdogo, anavumilia makosa kuliko wenzake wengine wadogo, na malezi ya watoto wake ni hadithi nzuri nitakayoifikia.

Wangu wanne wa kwanza walizaliwa kwa mfugaji Ujerumani. Ukoo huu uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa hiyo hawavuki mpaka bila kibali cha nchi wanakotoka. Huku kwetu nenda Idara ya Wanyamapori na kwa daktari wa mifugo kabla hujamtumia mtu hata senti moja. Mimi karatasi zilinichukua miezi 8. Akitokea wa kukuambia ana njia ya mkato kupitia begi la abiria, mkimbie.

Nyumba yao

Kwa dume na jike, sanduku la sentimita 45 kila upande linatosha. Nilimpelekea vipimo fundi wa vioo na aluminiamu mjini, akanicheka, akalitengeneza. Kosa la mafundi wengi liko kwenye silikoni: ile ya madirishani mara nyingi imetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo haimfai chura. Nunua ile tupu, kisha liache sanduku wazi wiki nzima, hadi harufu kama ya siki iishe kabisa.

Chini weka kokoto zilizooshwa na kuchemshwa, unene wa sentimita 5, ili maji yanayozidi yajikusanye huko. Juu yake kipande cha chandarua kipya kisicho na dawa. Nasisitiza kisicho na dawa, kwa sababu vyandarua vingi tunavyogawiwa vina kiuatilifu na vitaua kila kinachotembea humo ndani. Halafu mchanganyiko wa makumbi ya nazi, mboji isiyo na mbolea ya dukani na mkaa uliopondwa. Mwisho majani makavu, mengi, ya mparachichi au mpera, yaliyochemshwa kwanza. Usiokote ya mkaratasi wala sindano za mipaini, hata kama ndiyo yanayotuzunguka kutoka hapa mpaka Sao Hill. Mafuta na utomvu wake si wa kuwekwa karibu na ngozi kama hiyo.

Mimea nayo isikusumbue. Bromelia, ambao ni ndugu wa nanasi, wanashika maji katikati ya majani na vyura wanawapenda mno. Wauza maua wakikosa, ua lolote la kutambaa linalovumilia unyevu linafaa. Osha mimea yote kwa maji na uikalishe pembeni mwezi mmoja kabla ya kuiingiza, maana hujui ilipuliziwa nini.

Kifuniko ni kioo, isipokuwa ukanda mmoja wa kitambaa cha matundu madogo kiasi kwamba kijinzi hapiti. Kati ya Julai na Septemba upepo wetu unakausha hata kanga ndani ya nusu saa, nao vyura hawa wanataka unyevu wa asilimia 80 na zaidi. Napuliza maji asubuhi na jioni kwa chupa ya saluni. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba nayalaza siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke.

Baridi, na jua ambalo ni baya zaidi

Wanataka nyuzi 21 hadi 26 mchana, usiku zikishuka hadi 18 hakuna neno. Kwangu, asubuhi moja ya Julai, kipimajoto cha sebuleni kilisoma 13. Taa ya joto juu ya sanduku siipendi, inakausha. Ninachofanya ni hiki: beseni pana lenye maji, matofali mawili katikati, sanduku limekaa juu ya matofali. Ndani ya maji nazamisha hita ndogo ya matangi ya samaki, nimeitega kwenye nyuzi 26. Pande tatu za sanduku nazivika blanketi kuukuu, upande wa nne naacha wa kutazamia. Joto linapanda polepole kutoka chini bila kumchoma mtu.

Umeme ukikatika usiku, nachemsha maji, najaza chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu, nazifunga kanga, naziegemeza nje ya kioo. Zinanisogeza masaa matatu au manne. Jiko la mkaa usililete chumbani kwa ajili ya vyura wala kwa ajili yako. Hewa yake haina harufu, na huua watu waliolala.

Lakini baridi haijawahi kuniua chura. Jua ndilo liliua. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa kwanza, nikalisogeza sanduku karibu na dirisha nipate kuwaona vizuri, nikaenda sokoni kununua nyanya. Nilirudi baada ya saa moja na robo. Jua lilikuwa limehama, limepiga kioo moja kwa moja, na kipimajoto cha ndani kilikuwa 36. Watatu walikuwa wamejichimbia chini ya majani yenye maji. Wa nne hakuwahi. Kioo kilichofungwa ni kama gari lililofungwa juani. Kuanzia nyuzi 29 hivi ujihesabu uko kwenye hatari.

Maji yanayotoka

Hapa naomba usome polepole, hata kama utaruka mengine.

Ukishuka kutoka Mufindi kuelekea bonde la Kilombero kuna korongo la Kihansi. Mwaka 1996 wataalamu walimkuta huko chura mdogo wa manjano asiyepatikana pengine popote duniani, anayeishi kwenye rasharasha za maporomoko na kuzaa watoto hai badala ya kutaga. Bwawa la umeme likachukua maji mengi ya mto, rasharasha zikapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2003 waliobaki korongoni waliporomoka ghafla, na kwenye mizoga ikakutwa kuvu inayoshambulia ngozi za vyura. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Walioko huko leo ni wazao wa wale waliotunzwa kwenye masanduku, waliorudishwa kuanzia mwaka 2012.

Kuvu yenyewe jina lake ni Batrachochytrium dendrobatidis. Angalia hilo neno la pili. Mwaka 1999 ilipopewa jina rasmi, iliyochunguzwa ilitoka kwa chura wa mishale wa bluu aliyefia kwenye bustani ya wanyama Washington, na ukoo wa chura huyo ndio ukaipa jina. Ni ukoo wa hawa walioko sebuleni kwangu.

Kwa hiyo kanuni ya nyumba hii ni moja: kinachoingia kwenye sanduku kinaingia kwa ruhusa, kinachotoka kinatoka kikiwa kimekufa. Mtaro wa mbele ya nyumba yangu unateremka hadi Ruaha Mdogo. Maji ya kwenye kokoto nayafyonza kwa mpira, nayatia kwenye ndoo yenye kifuniko, naongeza jiki kipimo kimoja kwa maji tisa, yanalala usiku kucha, kesho yake yanakwenda chooni. Majani na udongo wa zamani nachoma. Ndoo, kikombe na wavu wa vyura havitumiki kwa kitu kingine. Na mgeni mpya, hata akija na cheti, anakaa miezi miwili kwenye chombo chake chumba kingine, akilala juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu ili nione kinyesi chake na ngozi yake.

Kumwachia chura bustanini kwa huruma, eti "akajitafutie", hilo ndilo jambo ambalo kwangu halina msamaha.

Chakula, au kesi ya ulanzi

Kufuga vyura ni kufuga inzi, vyura wanakuja nyuma. Chura mmoja mzima anakula vijinzi 15 hadi 25 kwa siku. Ni wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva. Wa maabara wana mabawa yaliyosinyaa, hawaruki, wanapanda kioo kama sisimizi. Mbegu nilipewa na mhadhiri mmoja tuliyefahamiana kazini.

Chakula cha inzi napika hivi: ndizi mbivu mbili zilizopondwa, vikombe viwili vya uji mzito wa sembe, kijiko cha sukari, kijiko kikubwa cha siki kuzuia ukungu. Ukipoa, namwaga kwenye chupa za mdomo mpana kimo cha vidole viwili, nanyunyiza hamira kidogo sana juu, naingiza karatasi iliyokunjwa ili wapate pa kukaa, natia inzi 40 hivi, nafunika kitambaa na raba. Kwenye nyuzi 24 wapya wanaanza kutoka baada ya wiki mbili. Julai bila joto ni wiki tatu na nusu, na vyura hawasubiri. Anzisha chupa mpya kila wiki, mbili mbili, hata kama unaona za sasa zinakutosha.

Sasa kesi yenyewe. Mtaa wetu kuna anayeuza ulanzi, pombe ya mianzi, na msimu wa mvua mbeta, vile vipande vya mwanzi vya kukingia, zinapojaa vijinzi vya porini vinakuja kwa makundi. Kitambaa cha chupa moja kilikuwa kimelegea. Wiki mbili baadaye nafungua, inzi wote wakaruka usoni, jikoni, kwenye maziwa. Nilisimama nikacheka, maana hili nimelifundisha miaka yote: tabia ya kukosa mabawa imefichika, ikikutana na ya mabawa, kizazi cha kwanza chote kinapata mabawa. Dume mmoja mlevi aliniharibia chupa nzima. Tangu hapo chupa zinakaa kabatini, mbali na dirisha, na juu ya sinia yenye maji ya sabuni, kwa sababu utitiri nao hutambaa kutoka chupa hadi chupa na kula mayai ya inzi. Chupa iliyopita mwezi naitupa na jiki ndani.

Kabla ya kuwalisha, natikisa inzi kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu yenye vitamini D3, hadi wawe weupe kama watoto waliocheza kwenye unga wa ngano. Mara moja au mbili kwa mwezi natumia unga wenye vitamini A. Ukiona chura anarusha ulimi na kukosa, tena na tena, shaka ya kwanza iwe upungufu wa vitamini A. Maganda ya mayai uliyosaga kwenye kinu hayatoshi. Ni mazito na hayana D3.

Chakula cha pili ni vile vidudu vyeupe vinavyorukaruka ukiinua jani bichi linalooza. Wataalamu huwaita kolembola. Wangu niliwapata chini ya gogo la mparachichi. Weka vipande vya mkaa kwenye kopo lenye kifuniko, maji nusu sentimita chini, tia vidudu, wape punje tatu za mchele kwa wiki. Ukitaka kuwavuna, ongeza maji, wataelea. Ukiwa na kopo la namna hii lililojaa ndipo ufikirie kuzalisha, si kabla.

Mayai

Dume na jike hawatofautiki hadi wanapokaribia mwaka. Jike huwa mpana kiunoni. Dume ndiye anayelia, sauti nyembamba ya kutetemeka, kama simu iliyowekwa mtetemo juu ya meza kwenye chumba cha pili. Wawili tu kwa sanduku. Majike wawili watagombana na kula mayai ya mwenzake.

Pa kutagia, wafugaji wa Ulaya huweka vikopo vya filamu za kamera. Nilipata vichache kwa mpiga picha wa zamani mjini, vilipoisha nikakumbuka tuko Iringa, nchi ya mianzi. Nakata vipande vyembamba vya mwanzi, mbeta ndogo za sentimita 7 zenye kifundo upande mmoja, nazichemsha, nazibandika kwenye ukuta wa kioo zikiwa zimeinama, theluthi moja maji. Zinaoza baada ya miezi michache, unakata nyingine. Kikopo cheusi cha filamu kina faida moja: kinatoka na kurudi kirahisi unapochungulia kwa tochi.

Dume huita, jike humfuata ndani, na siku ya pili utakuta mayai mawili, pengine matatu, juu kidogo ya maji. Yai lililo hai lina rangi iliyokolea ndani ya ute mwangavu, na baada ya siku chache linajikunja kama mkato wa kuandikia. Lililogeuka jeupe limekufa.

Ukiwaachia wazazi, utaona kitu ambacho mimi nilikitazama huku chai inapoa. Yai likianguliwa, baba anambeba kiluwiluwi mgongoni na kumtafutia kidimbwi chake peke yake, maana wakikaa pamoja wanakulana. Halafu anamwita mama mpaka kwenye kidimbwi, na mama anataga yai lisilorutubishwa, ndilo uji wa mtoto. Mwaka 2010 watafiti walichapisha kwamba chura huyu hukaa na mwenzi mmoja, wa kwanza kuthibitishwa hivyo miongoni mwa amfibia. Jirani yangu nilipomsimulia akasema kumbe wapo.

Ukitaka watoto wengi zaidi, toa mayai uyaweke kwenye kisahani chenye kifuniko na matone ya maji. Wiki mbili, siku kadhaa zaidi kwenye baridi. Kila kiluwiluwi apate kikopo chake cha mtindi, maji nusu kikombe yaliyolowekwa jani la mkungu, ule mti wa pwani, hadi yakawa na rangi ya chai isiyokolea. Majani ya mkungu dada yangu hunitumia kwa basi kutoka Dar. Chakula ni chembe ya chakula cha samaki iliyosagwa, kiasi cha punje ya ufuta, kila siku ya tatu. Ukizidisha, maji yananuka na kiluwiluwi anakufa. Kila wiki natoa nusu ya maji kwa bomba la sindano na kurudisha masafi yenye joto lile lile.

Baada ya miezi miwili hadi mitatu miguu ya mbele inatokeza. Siku hiyo acha kumlisha, mwili wake unaishi kwa kuufyonza mkia. Punguza maji, inamisha kikopo apate pa kupanda, la sivyo atazama, chura kazama kwenye maji ya chai. Miguu ya mbele ikitoka myembamba kama njiti isiyoweza kumwinua, huyo hatapona, na kwa kawaida nalaumu lishe ya mama yake kuliko mtoto.

Mtoto ana milimita 8 hadi 10. Wiki za mwanzo hawezi inzi, ni kolembola kila siku, wengi kiasi kwamba akigeuka anawaona. Namweka kwenye chombo kidogo chenye majani, ili chakula kisimpotee. Kati ya viluwiluwi 26 nilionao kwenye daftari kwa miaka mitatu, waliofika utu uzima ni 17.

Hao 17 ndio wanaonizuia nisiendelee. Kumpa mtu bila karatasi siwezi, na wanaohitaji ni wachache. Kwa hiyo mwishoni mwa Mei, upepo unapoanza, natoa mbeta zote, napunguza kupuliza maji, na wazazi wanapumzika. Nazirudisha Novemba, mvua ya kwanza ikipiga bati. Mwaka jana dume alianza kuita kabla sijafunga kifuniko.